Bega la Mwimbaji Mpya

Shangazi yangu, fundi cherehani, ndiye anayeshona sare za bendi za tamasha la muziki, na vipimo vya kila mwanamuziki viko kwenye daftari lake. Mwaka juzi zilipiga bendi saba, tukacheza hadi viatu vikakatika. Mwaka jana zikawa tano, watu wakapiga miayo. Mwaka huu bango linatangaza tatu, "zote mpya kabisa!"

"Danganya toto hiyo," Shangazi alininong'oneza pale mwimbaji mmoja alipoingia kupimwa, kofia imemfunika hadi puani. Akampima mabega, akafungua daftari la mwaka juzi, akaguna.

"Bwana mgeni, hili bega la kushoto lililoshuka nimeshalishonea mara mbili. Safari nyingine ukibadilisha jina, badilisha na bega."