Sinema ya Wanawake Wawili na Kitanda

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake wanawake wawili wakichekesha watu. Nikamwambia niliwahi kuona wawili kama hao kule kwetu Masisi, kwenye milima ya Nyabiondo, Wabelgiji wangali wanatawala. Hakuamini.

Mwaka ule mama alikuwa amemzika mdogo wangu, mtoto ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza. Kazi zote alifanya: kupalilia maharagi, kuloweka mihogo, kuchota maji. Ila sauti yake ilipotea nyumbani. Ukimwuliza jambo, alijibu kwa kichwa tu.

Dimanshi moja, siku ya Jumapili, baada ya misa, padri wetu wa kizungu alileta mashine ya sinema darasani kwetu. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, ukutani shuka jeupe. Nguo zetu zote zilinuka moshi wa jikoni. Tate, yaani mama yake baba, alimshika mama mkono wakakaa benchi la nyuma. Watu waligeuka kuwatazama.

Sinema yenyewe ilikuwa fupi, bila sauti. Wanawake wawili wa kizungu, mmoja mnene, mwenzake mrefu mwembamba, wanataka kupitisha kitanda mlangoni. Kinakwama. Mwembamba yuko nje, anapita dirishani ili amsaidie mwenzake aliye ndani. Kumbe mnene naye ametokea dirisha lingine. Sisi hatukuwahi kuona mama wa kizungu akibeba kitu. Wale wa shamba la kahawa walibebewa hata mwavuli.

Mwishowe mnene akakaa kitandani apumzike, kitanda kikavunjika. Nikasikia kicheko nyuma yangu. Alikuwa mama. Alicheka mpaka machozi.

Jirani mmoja akasema, "Mutoto hajamaliza hata mwezi mu udongo, na mama yake iko anacheka."

Mama akaziba mdomo kwa kitenge. Tate, ambaye siku zote ndiye aliyemgombeza, akasimama.

"Mumuache. Ule mutoto alikuwa wangu pia. Na huyu mama yake, ni mimi njo nilimuleta hapa, acheke."

Padri hakuelewa neno. Alidhani tunaomba sinema irudiwe, akairudia. Safari hii tate naye alicheka. Njiani kurudi, mama aliniuliza kama kuni zimebaki nyumbani. Nilijibu haraka, nikiogopa atanyamaza tena.

Darasa lile halipo, pale sasa ng'ombe wanakula majani. Mama na tate nao hawapo. Namna mama alivyokuwa akiniita, alivyokuwa akiimba, nimesahau. Kile kicheko tu ndicho bado nakisikia.