Eda ya Sinema

Enzi zetu hofu haikutafutwa. Ilikuwa ikitujia yenyewe bila kualikwa: chatu ndani ya mpunga, bundi juu ya paa, homa inayomshika mtoto asubuhi na magharibi watu wanachimba kaburi. Ndiyo maana siwaelewi wajukuu zangu, wanaokaa kitako kuitafuta hofu ndani ya simu, wakishaipata wanacheka. Sisi wa Msambweni tulioiona ile sinema katika stoo ya mbata hatukucheka, ila mtu mmoja tu, naye baadaye alitapika. Tumebaki wachache. Mimi mwenyewe nimechoka, magoti hayanisikii tena, lakini hili nataka niliandike kabla halijanitoka.

Wenzangu mtakumbuka maisha yalivyokuwa. Asubuhi chuoni kwa Mwalimu Salim kusoma Kurani, ubao mapajani, wino wa masizi umetapakaa mpaka kwenye pua. Adhuhuri wasichana tunacheza mdako chini ya baraza, kokoto zimelainika kwa kuchezewa, huku tukinyonya miwa iliyoletwa na mtu kutoka Ramisi. Tulikula muhogo wa kuchoma wenye majivu yake, na siku ya Ijumaa wali wa nazi na papa mkavu, harufu yake inakutangulia njiani. Mkubwa akipita unaacha mchezo, unatoa shikamoo, unangoja ajibu. Siku hizi mtoto anakuamkia huku anatazama kidole gumba chake.

Nyumbani kwetu nililelewa na Nyanya, mama yake mama. Na mtu niliyempenda kuliko wote alikuwa Mama Mdogo Mwanasha, mdogo wake mama, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Huyo ndiye aliyekuwa na mzigo. Mumewe, Bakari, aliondoka kwenda Pemba kuchuma karafuu, akasema ni msimu mmoja. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, na mwingine, na Bakari kimya. Hakuleta salamu, wala talaka, wala hata kipande cha kanga. Mama Mdogo akabaki nyumbani kwa kaka yake Bakari, Mzee Hamisi, akilima mpunga wao, akitwanga, akichota maji, akipikia watu ambao hakuolewa nao. Kila alipoomba arudi kwa mama yake, Mzee Hamisi alimjibu yale yale: "Wewe ni mke wa ndugu yangu. Ndugu yangu yuko safarini. Ngoja."

Nyanya aliwaendea wazee wa mtaa mara nyingi. Wakamkaribisha vizuri, wakamsikiliza, wakampa kahawa, wakamwambia awe na subira. Nyanya alikuwa akirudi nyumbani, anavua buibui lake, anasema, "Subira wanayo wao, kazi anayo mwanangu." Mimi nilikuwa mdogo, lakini niliona mikono ya Mama Mdogo ilivyokuwa ikizeeka kabla ya uso wake.

Sasa, gari la sinema. Nyinyi wa rika langu mnalijua. Lilikuja mara chache, lina injini inayonguruma, kitambaa cheupe, na bwana mmoja mwenye tarumbeta la kusemea. Picha zenyewe hazikuwa na maneno ya kwetu, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitueleza: huyu ni mbu, huyu ni bwana mvivu asiyechimba choo, haya tazameni tumbo linavyomuuma. Tulizipenda hizo picha. Mbu alikuwa mkubwa kama mbuzi pale kwenye kitambaa, na wazee wengine walisema ndiyo, mbu wa namna ile hata wao wangemwogopa, bahati nzuri wa kwetu ni wadogo.

Kwa kawaida sinema ilioneshwa uwanjani baada ya isha. Lakini siku hiyo yule bwana alitaka kuwahi kivuko cha Likoni, na mvua ilikuwa inatishia, basi Mhindi mmoja mwenye duka akatoa stoo yake ya mbata, nazi zilizokaushwa. Wakatundika magunia madirishani mpaka kukawa giza mchana wa alasiri. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, sisi watoto mbele, tumekaa juu ya maganda ya nazi. Harufu ya mbata ilikuwa nzito, ya mafuta, inakaa kooni. Mzee Hamisi alikuwepo, kwenye kiti alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Mama Mdogo alikuja amechelewa, akakaa nyuma kabisa, akaegemea magunia ya mbata. Mtu pekee ambaye hakuja ni Mwalimu Salim. Yeye alisema sinema ni upuuzi na hana haja nayo.

Masanduku ya picha yalikuwa yamebadilishwa, sijui wapi, sijui na nani. Yule bwana alikaribia tarumbeta lake akatangaza, "Leo tutatazama habari za maji safi." Injini ikanguruma, kitambaa kikawaka.

Ikaonekana nyumba haina paa, na ndani yake inanyesha kitu cheusi polepole. Mwanamke amekaa anachana nywele, na nywele zikamtoka kichwani, zikashuka, zikaanza kutambaa sakafuni zenyewe, zikaingia chini ya mlango. Yule bwana akakohoa. "Hapa mnaona," akasema, "mnaona bibi huyu... hakusafisha nyumba." Halafu ukaonekana mlango umesimama peke yake kwenye mchanga wa pwani, hauna ukuta, unafunguka na kufungika. Mtoto akawa analia kwa kinywa kipana na sauti haitoki, tunasikia injini tu. Mwenye tarumbeta akajitahidi tena: "Huyu mtoto amekunywa maji yasiyochemshwa." Kisha akaliweka tarumbeta chini, asiliinue tena.

Ndani ya ile stoo kila mtu aliogopa kwa namna yake. Mvuvi mmoja aliyesimama karibu na mlango alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaenda nje kutapika. Mzee mwingine alichukua viatu vyake, akaondoka kwa heshima zake, kisha akabaki mlangoni anachungulia kupitia tundu la gunia. Wanawake walivuta buibui wakafunika watoto wa watu waliokuwa karibu. Mimi nilifunikwa na mwanamke ambaye hadi leo sijui ni nani, nikachungulia katikati ya vidole vyake. Nilisikia Ayatul Kursiy ikisomwa huku na huku, kila mtu na kasi yake. Lakini hakuna aliyemwambia yule bwana azime. Nadhani tulikuwa tumeshikwa kama mtu anavyoshikwa na jinamizi, unataka kupiga kelele na ulimi haunyanyuki.

Kisha akatokea mwanamume. Alikuwa anakwenda kinyumenyume kuelekea kisimani, ametupa mgongo, polepole. Akafika ukingoni, akageuka. Hakuwa na uso. Palipokuwa na macho na pua palikuwa laini tupu. Hapo ndipo watu walipopiga kelele wote kwa pamoja, na katikati ya kelele zile Mama Mdogo akasimama kule nyuma, akasema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake:

"Huyo ni Bakari wangu!"

Kelele zikakatika. Yule mtu akaingia kisimani, akazama. Na Mzee Hamisi akainuka kitini, mkono kichwani. "Wallahi ni yeye! Tazameni bega! Bega la kushoto limeshuka, kwa kubeba magunia ya mbata humu humu!" Mwingine akasema ndiyo, hata mwendo ni wake. Mwingine akasema alimtambua zamani, tangu alipotokea, ila hakutaka kuwa wa kwanza kusema. Mzee Hamisi akalia kama mtoto. Gunia likavutwa dirishani, mwanga ukaingia, na pale kwenye kitambaa pakabaki weupe mtupu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Kwetu ndoto mbaya haisimuliwi. Ukiamka nayo unatema mate kidogo upande wa kushoto, unageuka ubavu wa pili, unanyamaza. Maana ukiisimulia, mtu akaitolea tafsiri, basi tafsiri ya kwanza ndiyo inayoshika. Na ile sinema haikuwa kitu kingine machoni petu ila ndoto mbaya ya mtu fulani, aliyekosa adabu akaisimulia mbele ya mji mzima. Watu walitoka katika stoo ile wanatema mate kushoto, mmoja mmoja, mpaka mlango ukalowa. Lakini tafsiri ilikuwa imeshatolewa, na hakuna aliyethubutu kuirudisha.

Jioni ile ile Mama Mdogo alihama kwa Mzee Hamisi, akaja kwa Nyanya, akajifunga nguo nyeupe, akaingia chumba cha ndani. Akakaa eda ya mjane. Wanawake wakaja kumpa pole, vyombo vya chakula vimefunikwa kwa kawa. Nyanya alisimama katikati ya ua, hajui alie au ahoji. Nilimsikia akimnong'oneza jirani, "Nimezika watu wengi, lakini mkwe wa kitambaani sijapata kumzika."

Wazee wakamwendea Mwalimu Salim awasomee hitma ya marehemu. Akakataa. "Nani ameuona mwili?"

"Sisi sote," wakamjibu. "Mtaa mzima."

"Mmeona taa juu ya nguo."

"Mwalimu, wewe hukuwepo," akasema Mzee Hamisi, macho mekundu. "Usimbishie mtu msiba wake. Mimi ndugu yangu nimemwona anazama."

Ikawa hivyo kwa siku nyingi. Mtu pekee asiyeiona sinema ndiye aliyetakiwa kuamua, na kila aliyekwenda kwake alimweleza upya, nywele zimeongezeka urefu, kisima kimeongezeka kina. Mwishowe Mwalimu alichoka. Nakumbuka alikuja kwetu, akakaa barazani, akajifuta jasho, akasema, "Mimi siwezi kumfanya mtu maiti. Lakini mwanamke huyu siwezi kumrudisha kule vilevile. Twendeni kwa kadhi." Na Mzee Hamisi, ambaye kwa misimu yote ile hakutaka kusikia neno kadhi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa kanzu.

Wakavuka kwenda Mombasa. Nyanya alitusimulia waliporudi. Kadhi alisikiliza habari za sinema mpaka mwisho, hakucheka, ila aliomba maji ya kunywa. Kisha akauliza, "Huyo mume ameleta masurufu ya mkewe lini?" Hakuna. "Ameleta habari lini?" Hakuna. Akaweka chini bilauri yake. "Basi mngemleta zamani. Haki yake ya kuachishwa ilikuwepo tangu hapo, mume awe hai au awe amekufa. Mlikuwa mnangoja nini?" Akavunja ndoa. Na kwa kuwa eda ya mwanzo ilikuwa ya mume wa kitambaani, alisema haihesabiki, ikabidi Mama Mdogo akae nyingine. Akaikaa bila kinyongo. Alikuwa analala mchana, analala usiku, na alipotoka alikuwa amenenepa.

Bakari alirudi tulipokuwa tumeshakuwa wasichana wakubwa, akiwa na mke wa Kipemba na watoto. Alishuka pale sokoni akatoa salamu, na wauza samaki wakaacha samaki wao wakakimbia. Mzee Hamisi alilia mara ya pili, sasa kwa kumshika shika mabega. Yote mawili yalikuwa sawasawa, hakuna lililoshuka. Alipomuulizia mkewe wakamwambia, "Lakini bwana, wewe ulikufa, tulikuona." Alikasirika sana, masikini. Mama Mdogo wakati huo ameolewa na fundi cherehani huko Diani. Bakari alimfuata mpaka mlangoni. Yeye alikuwa anapeta mchele. "Sabalkheri, Bakari," akamwambia, "naona hujambo." Akaendelea kupeta.

Leo mjukuu wangu anakuja kutoka Ukunda, ananiwekea simu usoni. "Nyanya, cheki hii movie, ni noma!" Natazama: damu, meno, mtu anatembea kwenye dari. Yeye anatafuna krips. Kaka yake kakaa pembeni, ana yake, masikio ameyaziba. Dada yao ana yake. Nyumba moja, hofu tatu, na hakuna hata mmoja wa kumfunika mwenzake kwa buibui. Nawauliza wameona nini, wananiambia, "Ah, ni story tu." Mimi naona heri zetu, tulioogopa pamoja na kukosea pamoja, ingawa sijui kama ni heri kweli au ni uzee unasema.

Mama Mdogo aliishi sana. Mwisho mwisho macho yalimwacha, nikawa nakwenda kumkanda miguu. Siku moja nikamuuliza lile ambalo mji mzima haukuwahi kumuuliza: siku ile katika stoo, aliona nini hasa hata akamjua mumewe?

Alivuta mguu wake kutoka mikononi mwangu, akakaa vizuri.

"Sinema yenyewe sikuiona, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimetwanga tangu alfajiri. Nilipoegemea yale magunia, na giza lile, nikalala. Mkaniamsha kwa makelele yenu. Nikafumbua macho, naona mtu hana uso, naye aweza kuwa yeyote. Na Hamisi anatetemeka, na wazee wote wanatetemeka. Nikajua leo nikisema neno, nitasikizwa."