Kilti Nzito Niliyomshonea Njoroge

Mimi ndiye mkosaji, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Ni mzee wa kanisa, fundi cherehani hapa Doha, na nilimdanganya kijana aliyeniita guka, yaani babu.

Nilijifunza kushona kilti kule Limuru. Ni ile sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa bendi ya zumari za Kiskoti kanisani. Kwa baridi ya kule, sufu ilifaa: yadi nane, zaidi ya kilo mbili kiunoni. Marinda ya sufu nzito hulala yakatulia, na mpiga zumari akigeuka yanamfuata kwa pamoja. Jamani, niliipenda kazi ile!

Vijana wetu wa hapa walipounda bendi, Njoroge, mlinzi anayeishi mtaa wa Muaither, alikuja kupimwa. Walikuwa wamealikwa kupiga kwenye arusi ya Wakenya, shambani Umm Salal, nje ya mji, alasiri ya mwezi wa Mei, jua la hapa likiwa linachoma.

Aliinua ile sufu akacheka. "Guka, hii si ni blanketi! Unataka nichemke kama githeri? Nishonee na ile poliesta nyepesi."

"Imeisha," nikasema.

Uongo! Jora zima lilikuwa chini ya meza, mguu wangu ukiligusa. Kwa kitambaa kile, kilti ingepungua karibu nusu ya uzito. Hata sufu yenyewe ningeweza kuikata yadi tano, nikapunguza marinda. Sikutaka! Poliesta hupeperuka, nami niliogopa watu waseme mkono wa mzee umechoka.

"Haya basi, guka. Wewe ndiye unajua."

"Uvumilivu ni tunda la Roho," nikamwambia. Ee Mungu, nililichukua neno lako nikalitumia kama pini ya kubania uongo wangu!

Aliwaongoza maarusi kutoka getini. Hawajafika hata kwenye hema, akaanguka. Tulipomfungua mikanda, sufu ilikuwa imelowa jasho. Niliiinua kwa mikono miwili.

Hospitalini walisema joto limeziua figo zake. Akarudishwa kwao Kenya, akawa anasafishwa damu kila wiki.

Mama yake alinipigia simu. "Mzee, asante. Kwenye picha mwanangu alipendeza sana."

"Ashukuriwe Mungu," nikajibu. Basi! Nikakata simu.

Njoroge mwenyewe alikuwa akinitumia salamu. Aliamini kitambaa kiliisha kweli. Kila alfajiri nilipiga magoti nikasema, leo nitamwambia. Kila jioni nikasema, kesho.

Jana dada yake aliniandikia. Njoroge amezidiwa na ugonjwa wa figo, hamtambui mtu tena.

Bado namshukuru Mungu, maana ndivyo nilivyofundishwa, lakini sijui nimwombe nini.

Ninyi mnaoshona, mteja akiomba kitambaa chepesi, mpeni. Angalieni mwili utakaokibeba na jua la mahali mlipo, si sifa zenu! Na kama mmeshamdanganya mtu, mpigieni sasa hivi, wakati bado anaweza kuwatukana.