Stelingi Asiyeshika Bunduki

Vumbi linapopata moto nyuma ya televisheni hutoa harufu yake, inayokaribia ya nguo iliyounguzwa na pasi. Wenzangu wengi harufu za utoto wao ni karafuu na asumini, na mimi ningependa kujigamba hivyo pia, lakini yangu ndiyo hiyo: vumbi la moto katika chumba cha juu kabisa cha nyumba ya bibi yangu, mtaa wa Kiponda, saa nane mchana, wakati ambapo mimi na binamu yangu Hamdu tulitakiwa tuwe chuoni tunasoma Kurani.

Mashine ya gemu aliileta mjomba kutoka Dubai, pamoja na diski mbili. Moja ilikuwa ya vita, na Hamdu aliipenda mpaka ikakwaruzika na kugoma. Ikabaki ya pili, ambayo aliidharau. Stelingi wake, yaani yule mhusika mkuu unayemwendesha wewe, alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa koti la mvua, ana tochi na daftari, basi. Amefungiwa katika jumba linaloingia maji, na kila chumba kina kitendawili chake.

"Stelingi gani huyu, hana hata kisu?" Hamdu alilalamika kila siku. "Kazi yake kushika kidevu tu!"

Kweli alishika kidevu. Ukibonyeza kitufe fulani na kukishikilia, alisimama, akaweka mkono kidevuni, akatazama chumba kizima polepole, na kitu alichopaswa kukichunguza kikang'aa kidogo. Kiingereza hatukukijua, kwa hiyo tulifuata macho yake. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mwembamba, mwoga wa mbio na ngumi, na nilimpenda kwa sababu kabla yake sikujua kuwa mtu anaweza kuwa stelingi kwa kufikiri. Nikaanza kushika kidevu hata skuli. Bibi akaniuliza kama jino linaniuma.

Bibi alikaa chumba cha chini kwa sababu ya magoti. Alikuwa na kisukari, na kila siku baada ya sala ya adhuhuri alijichoma sindano yake, kisha akala. Alikula peke yake, maana mama alikuwa kazini, na sisi tukitoka skuli tulipitiliza chuoni, tukala saa kumi tukirudi. Mama alikuwa na neno lake alilolisema kila asubuhi akiwa mlangoni: "Mama, sindano bila chakula ni sumu." Tulilisikia mpaka tukawa hatulisikii tena.

Siku ile tuliingia na viatu mkononi. Mlango wa barabarani ulikuwa umerudishwa tu, kama kawaida ya mchana. Tukapita mbele ya chumba cha Bibi tukinyata, tukapanda ngazi, tukairuka ile ya saba iliyokuwa ikilia. Huko juu tulipunguza sauti ya televisheni mpaka ikawa mnong'ono. Stelingi wangu alikuwa katika chumba kilichotushinda wiki nzima, maji yamemfika kiunoni.

Tulikuwa tumecheza karibu saa nzima tuliposikia kutoka chini, "Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Bi Zuhura, jirani wa nyumba ya mbele. Nyumba zile zina uwazi katikati, na sauti ya mlangoni hupanda mpaka juu bila kupungua. Hamdu alinibana mkono. Kuitika kulikuwa kujifichua. Nilitega sikio nikingoja Bibi aseme karibu, lakini Bibi hakusema.

"Hodi!"

Nikaisimamisha gemu. Nilijiambia kuwa Bibi amelala.

"Hodi, wenyewe!"

Kwetu hodi ni tatu. Ukishapiga ya tatu bila kuitikiwa, adabu ni kurudi ulikotoka hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu mwenye nyumba ana haki yake ya kutokuwa tayari. Na Bi Zuhura alikuwa mtu wa adabu. Tukasikia bakuli likiwekwa ndani ya mlango, kisha viatu vyake vikienda zao. Hamdu akashusha pumzi. Mimi nikacheka. Nawaambia ninyi, maana sijapata kumwambia mtu: nilicheka.

Tuliendelea kwa dakika kumi, labda kumi na tano, halafu umeme ukakatika. Feni ikazunguka mara chache za mwisho ikatulia, na katika ule ukimya nikausikia mkoromo kutoka chini. Nilikuwa naujua mkoromo wa Bibi wa usingizi, na ule haukuwa huo. Tulishuka mbio, na safari hii tuliikanyaga ngazi ya saba.

Bibi alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango, amelalia ubavu, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Kanga yake ilikuwa imelowa jasho chapachapa. Macho yalikuwa nusu wazi lakini hayakutuona, na midomo ilisema maneno yasiyoeleweka.

"Kisukari kimempanda!" Hamdu alisema. "Tumchome dawa yake!"

Tulishamwona mama akifanya hivyo: Bibi akizidiwa huchomwa, akichomwa hupata nafuu. Kabla sijajibu ameshafungua friji ndogo, ametoa kichupa na bomba jipya la sindano, na anavuta dawa.

"Ngoja kwanza."

"Nngoje nini? Huoni anakufa, Ruki?"

Nikasimama. Sijisifu, mkono wenyewe ulipanda mpaka kidevuni, nikatazama. Hakuna kilichong'aa. Msala ulikuwa umekunjwa, kwa hiyo ameshasali. Ndani ya kopo la taka mlikuwa na bomba lililotumika, kwa hiyo ameshajichoma. Juu ya mkeka palikuwa na chakula kilichofunikwa kawa. Nikalifunua. Wali na mchuzi wa samaki, sahani tatu, zote hazijaguswa.

Sindano bila chakula.

"Weka chini!" nilipiga kelele. "Ukimchoma tena unamuua! Sukari imemshuka!"

"Una hakika?"

Sikuwa nayo. "Ninayo," nikasema. "Kamwite Bi Zuhura, kimbia!"

Bomba likaanguka, Hamdu akatoka mbio. Nilichukua chupa ya asali rafuni, nikakilaza kichwa cha Bibi kwenye paja langu, kimegeuzwa upande, nikachovya kidole na kumpaka kwenye ufizi, kidogo kidogo, huku nikisoma Fatiha na kuikosea. Ikiwa nimekosea na hili, nilifikiri, nitakuwa nimemuua bibi yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikachovya tena. Meno yake yakanibana kidole. Bi Zuhura alipoingia akihema, Bibi alikuwa anaramba midomo, na baada ya kitambo alisema, "Maji."

Alasiri ile nyumba ilijaa watu. Mama alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Hamdu alieleza kuwa mwalimu wa chuoni alitutoa mapema, ndiyo kwanza tumeingia tukamkuta Bibi chini, nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilipoulizwa nilijuaje, nikasema nimejifunza kwa stelingi wa gemu, na watu wakacheka kwa furaha. Jina la Stelingi likanikaa tangu siku hiyo.

Aliyelia ni Bi Zuhura. "Nimepiga hodi tatu, nikajiona nna adabu," alisema, akijipiga kifua. "Ningeusukuma tu ule mlango! Mwenzangu yuko chini, mie nnakwenda zangu!"

Hamdu alinitazama. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Si kosa lako, Zuhura," Bibi alisema kitandani, sauti bado nzito. "Wewe hodi ulipiga." Kisha akaangalia dari.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na habari ile hakuigusa tena. Bi Zuhura aliirudia kila maulidini na kila arusini, na kila mara iliishia kwa yeye kujilaumu. Mimi niliketi kando nikila biriani.

Sasa nimeolewa Michenzani, ghorofa ya nne, nina watoto wawili. Mwezi uliopita nilijisikia mgonjwa nikawahi kurudi nyumbani, nikasikia mlio wa gemu nyuma ya mlango wa chumba chao, saa ambayo walitakiwa wawe chuoni. Nilipandwa na hasira, nikataka kuingia na kandambili mkononi. Halafu nikasema, hapana, nitapakua chakula ningoje. Watatoka wenyewe na aibu yao, hiyo itawatosha. Nikatandika mkeka, nikaweka sahani yangu, na mbili zao. Mkono ukanisimama juu ya ile ya tatu.

Sahani tatu, saa nane mchana, kwa mtu ambaye kila siku alikula peke yake. Bibi alitusikia tulipoingia. Alijichoma, akapakua, akatungoja tushuke, na alipoishiwa nguvu akaisikia hodi, akangoja wajukuu zake waiitikie. Hawakuitika, ndipo akajaribu kwenda mwenyewe. Nami, stelingi mwenye akili, niliona kuwa chakula hakijaliwa, nikashindwa kuhesabu sahani. Nililia hapo mkekani mpaka watoto wakatoka kuniuliza nini. Majuto ni mjukuu, Bibi alizoea kusema, na mimi nilidhani ni maneno ya watu wazima.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Chukwani, anakokaa Bi Zuhura siku hizi kwa mwanawe. Njia nzima nilipanga maneno ya kukiri. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, na kimya kilikuwa kilekile, na adabu ikaniruhusu kurudi zangu bila lawama ya mtu. Miguu yangu iliipenda sana ruhusa ile.

Nikapiga ya nne.

"Karibu!" ilisema sauti ya ndani, ya kizee, inahema. "Nilikuwa nnakuja, mwanangu. Miguu tu haitaki."