Wema wa Kwenye Kitabu

Kila Ijumaa baada ya ibada, tulikutana sebuleni kwangu mtaa wa Abu Hamour, huku Uarabuni tunakofanya kazi, Wakenya na Waganda wachache, kusoma vitabu. Mimi ni muuguzi. Wenzangu walikuwa walinzi, madereva na mayaya. Wakati huo tulikuwa tunasoma kumbukumbu za mwanamke Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi. Anasimulia asubuhi moja ya theluji, wafungwa wanahesabiwa kwa saa nyingi, naye anaungua homa. Anayeanguka anauawa. Mfungwa asiyemjua akamshika kiuno kwa nyuma, akamsimamisha mpaka hesabu ikaisha.

Siku hiyo dada mmoja Mganda, yaya huko Al Wakrah, alifika macho yamevimba. Mamake alikuwa amefariki Jumatano. Mwajiri wake, aliyemfungia pasipoti kabatini, alimwambia angoje hadi watoto wafunge shule.

Kiongozi wetu, mwanamume wa sauti ya upole, alifunika kitabu.

"Dada, huyu mama alikuwa kambini na bado aliona wema wa binadamu. Wewe una chakula na kitanda. Kuwa na tumaini tu."

Nilikichukua kitabu mkononi mwake.

"Kaka, ulisoma ukurasa unaofuata? Yule aliyemshika kiuno alichukuliwa wiki hiyo hiyo, hakurudi. Na waliokuwa wakiwahesabu pia walikuwa binadamu!"

"Usilinganishe mambo."

"Ni wewe umelinganisha. Nyumba ya Al Wakrah si kambi. Ndiyo maana sisi hatuna kisingizio. Nani atatuua tukienda kubisha hodi?"

Kisha dereva mmoja akasimama. "Gari liko nje. Twendeni."

Tulienda watatu na yule dada. Nilimweleza mwajiri kwa Kiarabu changu cha wodini. Akashangaa, au akajifanya kushangaa.

"Mbona hakuniambia ni mama mzazi?"

"Nilikuambia mara tatu, madam," dada akajibu, bila kuinua macho.

Pasipoti ilitoka kabatini kwa dakika mbili. Dakika mbili tu! Dada alisafiri kesho yake, akakuta udongo wa kaburi bado mbichi. Walikuwa wamemzika asubuhi hiyo.

Ijumaa iliyofuata, kiongozi alifungua kwa sala, akimshukuru Mungu kwa moyo mwema wa madam. Nilimkatiza kabla hatujasema amina, nikamkumbusha zile mara tatu.