Msimamizi wa machimbo alipomfuata mume wangu nyumbani

Jamani, leo mume wangu kakataa mshahara mnono mbele ya macho yangu, na mimi natembea kifua mbele!

Mnajua aliacha kukata mawe kule machimboni. Alikuwa akirudi mweupe kwa vumbi kama aliyeangukia gunia la unga, na kikohozi kilikuwa hakimpi usingizi. Sasa anamwagilia miche ya miti hapa Junju, kwa malipo madogo tu.

Alasiri hii msimamizi wa machimbo akatujia. Nikamwekea chai na mahamri.

"Rudi kazini, nitakulipa mara mbili ya zamani," akamwambia mume wangu.

Mimi hapo nishaanza kuota friji, siwafichi.

Mume wangu akamjibu, "Hata ukiongeza tena, bwana, kifua hiki hukipati. Niwie radhi, wakati wa sala umeingia."

Akaenda msikitini, hapo nyuma ya nyumba.

Mara nikasikia adhana. Ni yeye!

Zamani ndiye aliyekuwa mwadhini wetu, mpaka kikohozi kikawa kinamkatiza katikati, akaacha kwa aibu. Leo kaivuta mpaka mwisho, haikukatika hata mahali pamoja. Nililia, mwanitakiani?

Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akataka kusema, akakohoa. Akakohoa tena, nikampa maji.

Alipopata pumzi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, huko kwenye miche hawahitaji mtu mwingine?"

Haya, niambieni, nimjibu nini? Friji yenyewe nishaisahau.