Mama Ndoo

Mdogo wangu ana miaka arobaini na ushee, upara umeshaanza kumkaribia, na kinachompa jina duniani ni kupuliza kanda za gemu mbele ya kamera. Sitanii. Anashika kipande cha plastiki kilichotengenezwa wakati bado tunang'oka meno ya utoto, anakipuliza, anakichomeka kwenye mashine, kisha anawatazama watu wake kama daktari aliyemrudisha mgonjwa kutoka kuzimu. Nao wanamtumia vile vipicha vya makofi, vinapanda kwenye kioo kama mapovu ya sabuni.

Asubuhi ni karani wa stoo kwenye duka la mabomba, na huko hakuna anayempigia makofi. Alasiri anavaa fulana nyeusi, anawasha taa zake na kugeuka Bwana Kanda, mwenye kipindi cha gemu za zamani mtandaoni. Gemu ikiwa na picha nzuri, haimhusu. Yeye anataka zile ambazo mtu ni vidoti vichache na kofia, anaruka, anatumbukia shimoni, anaanza upya. Anaweza kuchambua mruko mmoja mpaka ukasinzia. Kinywa hichohicho ukikiuliza leo Mama amekula nini, kinakuwa bubu.

"Vitu vya zamani vinataka heshima," ndivyo anavyofungua kila kipindi. Halafu anachukua pamba za masikio, anazichovya kwenye spiriti, anasafisha kanda jino kwa jino, taratibu, akiinyunyizia maneno matamu. Mama, ambaye naye ni wa zamani, kucha za miguu namkata mimi nikija kumtembelea. Huyu mdogo wangu anaishi naye nyumba moja.

Ana kanuni yake kuu, anaisema kidole kikiwa juu: usitie maji kwenye mashine, hata tone. Na hapo ndipo anapomleta Mama Ndoo.

Mama Ndoo ni mama yetu. Kamchora: mwanamke mnene, kitambaa kichwani, ndoo mkononi, anaikimbiza mashine ya gemu iliyotoa macho kwa hofu. Kaichapa picha hiyo kwenye vikombe na fulana. Mtazamaji akimwandikia kuwa mashine yake imekufa, yeye anabonyeza kitufe, unasikika mlio wa maji, shwaa, kisha anasema, "Pole ndugu yangu, umepitiwa na Mama Ndoo." Watu wanavunjika mbavu. Mama mwenyewe si mnene, hajawahi kuwa. Alipoonyeshwa kile kikombe alisema tu kwamba mchoro ni mzuri, akanywea chai.

Sasa nisikilize, maana mimi nilikuwapo.

Baba alikuwa dereva wa mkurugenzi mmoja. Likizo moja akaazimwa mashine ya gemu ya watoto wa bosi wake, akaja nayo nyumbani ameikumbatia kama yai. Mdogo wangu aliwaalika rafiki zake waje kuiona. Kabla hawajafika akaona ina vumbi, na yeye tangu utotoni ni mtu wa usafi na sifa. Akaizamisha kwenye beseni la povu. Akaisugua kwa brashi ya viatu, akaisuuza, akaifuta kwa taulo la kuogea, akaichomeka kwenye umeme ingali inachuruzika. Ikatoa moshi. Ilinuka nywele zilizoungua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, yeye kaiinamia, midomo inamcheza.

Baba aliporudi, Mama alimtangulia barazani, mikono ikiwa na sabuni. "Nimeimwagia maji nikifua," alisema. Kisha akanigeukia mimi, nami nikajua nifunge domo langu. Baba akaenda kuomba radhi kwa bosi, akarudi amenywea kabisa. Kuanzia siku hiyo hadi tunamzika Baba, Mama hakuruhusiwa kugusa redio ya nyumbani. "Mwacheni huyo, ataitia maji," Baba alikuwa akisema mbele ya wageni, na wageni wanacheka, na Mama anacheka nao huku akiwapitishia sahani.

Miaka yote hii nimejipa moyo kwamba mdogo wangu alisahau. Mtoto husahau, nilijiambia, akikua anabaki na hadithi aliyosikia kwa baba yake. Nilimdharau kwa upuuzi wake, lakini hilo nilimsamehe.

Kisha akakitaka chumba cha Mama.

Kipindi kimekua, alisema, hawezi tena kurekodia sebuleni watu wakipita na ndoo za kuoga. Chumba cha Mama kiko mbele, kina dirisha kubwa na utulivu. Mama angehamia stoo ya nyuma, pale kwenye pampu ya maji inayotetemesha ukuta kila ikiwaka. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mwenzangu akabuni ujanja wake: atamleta Mama kipindini, mubashara, watu wampende, halafu amwombe chumba palepale mbele za watu. Nani atakataa mbele ya umati?

Niliposikia, nilifunga safari. Nilimkuta Mama keshakalishwa kwenye kiti cha Bwana Kanda, kikubwa kama cha mfalme, miguu haifiki chini.

"Dada, ukae nyuma ya taa," mdogo wangu aliniambia. "Na usiniharibie."

"Nani akuharibie? Umeshajiharibu mwenyewe."

"Ndiyo yale yale. Kaa basi."

Taa zikawaka, akatoa meno yote. "Ndugu zangu, leo yuko nasi mwenyewe. Mama Ndoo!" Shwaa. Mama akapunga mkono kidogo, hajui atazame wapi.

"Mama, hebu waambie. Siku ile ulikuwa unawaza nini?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilikuwa namaliza kila kitu hapohapo, kipindi, fulana na vikombe. Mama hakugeuka. Aliinua kiganja kidogo upande wangu, vile mtu anavyomzuia kuku asiingie ndani, na mimi na umri wangu nikanyamaza.

"Nilikuwa nafua," Mama akasema. "Sikuangalia vizuri. Maji yakaingia."

"Ikazama! Haikupiga hata kelele, masikini!"

"Ilitoa moshi," Mama akasema polepole. "Ilinuka nywele zilizoungua."

Katika hadithi ya mdogo wangu hakuna moshi. Mashine inazama ndooni, basi. Nikamwona tabasamu linamkauka usoni, masikio yanamshuka, na macho yanakimbilia mezani kwenye pamba zake. Hakuwa amesahau chochote. Siku zote alikuwa anajua alichokuwa anauza.

Ungedhani angeona haya. Akajikaza. "Sasa Mama, kwa kuwa uliniulia mashine, utanifidia na kile chumba cha mbele kiwe studio. Si ndiyo, ndugu zangu?" Makofi yakapanda kwenye kioo, mengi mno.

Mama akaitazama kamera, akaichekea kwa upole. "Tutaongea, mwanangu."

Alipozima kamera, mdogo wangu alimpigia Mama magoti kumtafutia kandambili zake. Akambusu mkono, heri angembusu kila siku. "Mama, asante," akanong'ona. "Umenisitiri."

Mama akatia kidole cha mguu kwenye kandambili, akashuka kitini, akatengeneza kitambaa chake. Hakupandisha sauti.

"Mara ile ulikuwa mtoto," akamwambia. "Chumba changu usikiguse."

Siku hizi Bwana Kanda anarekodia ile stoo ya nyuma. Ule mlio wa maji hajaubonyeza tena, na vikombe vimefungwa kwenye boksi chini ya meza. Pampu ikiwaka katikati ya kipindi, watu wanamwandikia kumuuliza mngurumo huo ni wa nini, naye anawadanganya kuwa ni mashine ya kale inapashwa moto. Ukitega sikio vizuri, pampu ikinyamaza, utasikia redio kutoka chumba cha mbele, sauti juu. Mama anaifungua mwenyewe.